Ndoo Ukingoni mwa Matete

Haya ni maneno niliyowaambia majirani na vijana wa kikundi cha picha cha mtaa wetu, hapa Nairobi, Jumamosi iliyofuata Siku ya Ardhi Oevu Duniani, ambayo huwa tarehe 2 Februari kila mwaka. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.

Mwenyekiti wa mtaa, wazee wetu, mama zetu, vijana wa kamera, na nyinyi watoto mlioketi mkekani hapa mbele, hamjambo nyote.

Wengi wenu mnanijua kama soja wa lango. Ni kweli, kazi yangu ni ulinzi wa usiku, saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi, na nyumbani hurudi kwa miguu. Hii ndoo mnayoiona mezani ni ndoo ya rangi, ile ya lita 20, fundi mmoja aliitupa baada ya kupaka ukuta. Miaka sita sasa nimekuwa nikiipindua na kuikalia pembeni ya kile kinamasi chetu cha chini, pale kijito kinapopanuka kabla ya kushuka kwenda Mto Ngong. Picha zote za ndege nitakazowaonyesha leo nilizipiga nikiwa nimeikalia. Sikupanda basi kwenda Baringo, wala sikulipia gari la kwenda Mara. Kutoka kituo cha matatu mpaka pale ni mwendo wa dakika tano.

Ombi langu kwenu ni moja: chagueni mahali pamoja, karibu na mnapolala, mkae hapo, mrudi hapo.

Nilijifunza hilo kwa ndege mmoja. Tazameni ukutani. Huyu ninamwita shoro wa matete. Wataalamu wanamwita Acrocephalus gracilirostris. Mgongo wa kahawia, tumbo jeupe, hana urembo wa kumshtua mtu. Mkipita njia ile ya chini kila siku mmeshamsikia, na nina hakika wengi wenu hamjawahi kumwona. Sauti yake ni nono, ina maji ndani yake, inapanda na kushuka katikati ya matete kama mtu anayemimina chai kutoka juu, birika limeinuliwa mkono mzima.

Zamu yangu ya kupokea pesa za chama ilipofika, nilinunua kamera ya mtumba na lenzi ya milimita 300, nikaanza kumkimbiza. Akiimba kushoto, naenda kushoto. Nikifika, kimya. Dakika tatu baadaye anaimba kulia. Nilitembea ukingo ule juu na chini asubuhi kwa asubuhi, gambuti zimejaa tope, na nikawa na mamia ya picha za matete matupu.

Sasa fikirini: mtu huyu anayekimbia ovyo ni mlinzi. Saa nane usiku, taa za jengo zimezimwa, macho ya mlinzi hayana kazi kubwa. Masikio ndiyo yanayolinda. Unaujua mlio wa geti la jirani, unaujua mlio wa paka juu ya bati, unajua kiatu cha mtu mwenye haraka na kiatu cha mtu anayenyata. Kigeni kikilia unakitambua, kwa sababu vya kila siku unavijua kwa moyo. Kazi hiyo nimeifanya miaka 11. Lakini nikishika kamera niliyasahau yote, nikadhani picha hutafutwa kwa miguu.

Asubuhi moja goti lilinikataza kutembea. Nikapindua ndoo, nikaketi, nikafumba macho, nikasikiliza kama ninavyosikiliza usiku. Siku ile sikupiga picha hata moja. Ila niligundua kwamba shoro hazururi. Ana vituo. Anaimba juu ya tete moja lililopinda, anashuka kula, anaimba kwenye kichaka cha mafunjo, anashuka tena, anaimba karibu kabisa na maji, halafu anarudi kwenye tete lake lililopinda. Ni mwenye shamba anayezunguka mpaka wake akiwatangazia majirani kwamba yupo. Nikachagua kituo kile cha tatu, cha karibu na maji, nikaelekeza lenzi hapo, nikangoja. Asubuhi ya 11 alikuja akasimama hatua nne kutoka nilipo, akaimba. Picha mnayoiona ndiyo hiyo.

Angalieni koo lake. Manyoya yamesimama kama ndevu. Sisi binadamu sauti yetu hutoka kooni, juu. Ndege kiungo chake cha sauti kiko chini, kifuani, pale bomba la hewa linapogawanyika kwenda mapafu mawili, na pande zake mbili zinaweza kufanya kazi kila upande kivyake. Ndiyo maana kiumbe mdogo namna hii anatoa sauti mbili kwa pumzi moja, na mwili wote unatetemeka, mpaka mkia. Kwa mpiga picha hilo lina maana: usibonyeze kitufe wakati mdomo ndio kwanza unafunguka. Ngoja katikati ya wimbo, koo limejaa. Mimi huweka kasi ya shata 1/800 ya sekunde, na fokasi naiweka kwenye jicho. Jicho likiwa na ukungu, picha haina mtu ndani.

Vijana mtaniuliza kuhusu lenzi kubwa. Nazijua, nimezishika za wengine. Ni nzuri. Lakini lenzi ya milimita 300 imenifundisha kwamba ndege simvuti mimi, anakuja yeye. Anakuja akishakuzoea. Wiki ya kwanza nilikuwa hatari. Mwezi wa pili nilikuwa kisiki chenye kofia. Siku hizi kuna kurumbiza, yule mwenye mstari mweupe juu ya jicho na kifua cha rangi ya chungwa, anayetua juu ya begi langu nikiwa nimeketi. Hakuna duka la kamera linalouza kitu hicho.

Mwanga nao hujulikana kwa kurudi. Nairobi iko kusini kidogo tu ya ikweta, kwa hiyo jua letu huchomoza mnamo saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, tofauti yake ni kama nusu saa tu. Na halina subira. Linapanda moja kwa moja. Ikifika saa tatu limeshakaa juu ya kichwa cha ndege na uso wake umeingia kivulini. Una saa mbili na nusu hivi, basi. Ukifika mahali usipopajua, saa hizo zote zinaishia kwenye kutafuta pa kusimama.

Na msilalamikie mawingu ya Julai. Kila mwaka nasikia watu wakisema baridi hii na kiza hiki hakipigiki picha. Mimi naipenda Julai kuliko miezi mingine yote. Wingu lile la kijivu linalotanda juu ya mji linaulainisha mwanga, kila unyoya unaonekana. Chukueni mnana wa manjano, huyu hapa wa tatu. Kwenye jua kali manjano yake huwaka yote yakawa doa moja, kama pindo la kanga lililofifia. Picha hii ni ya Julai: hesabuni manyoya ya shavuni. Jua likiwa kali, punguzeni mwanga kidogo kwa ndege wa manjano, mwongeze kwa ndege mweusi. Kamera haijui ndege ana rangi gani, inakisia tu.

Nimesema ndege mweusi. Huyu dume mwenye mkia mrefu kama utepe na ukosi mwekundu shingoni ni kweche. Mvua ya masika ikishika, anapita juu ya nyasi polepole akiburuta mkia huo hewani ili majike wamwone. Mkishuka pale leo, Februari, mtamkuta na hamtamjua. Amevua. Amekuwa kahawia mwenye michirizi kama shomoro, mkia mfupi, amechanganyika na jike na watoto. Mgeni wa siku moja ataandika kwamba hakuna kitu. Mimi nina picha zake za Februari na za Mei, tete lile lile, na ninapoziweka pamoja watoto hukataa kabisa kwamba ni ndege mmoja.

Sasa nataka niwaambie jambo ambalo si rahisi kwangu kulisema.

Watoto, kitendawili! Nyumba yangu haina mlango. Yai, vizuri sana. Basi kuna ndege pale chini ambaye nyumba yake ina mlango, na mlango huo una habari zake. Ni mnana mwenye mdomo mnene. Dume ni kahawia iliyoiva, karibu nyeusi, na paji la uso jeupe. Viota vya minana wengi mnavijua, vimekaa kama mfuko wa majani uliofumwa kwa haraka. Cha huyu ni kazi ya mkono mwingine. Anachana nyuzi nyembamba kabisa za matete, anachagua matete mawili yaliyosimama karibu, anafuma katikati yake, nyuzi zimebana hivi kwamba ukikitazama kwa mbali utadhani ni kitambaa. Kwanza anaacha mlango mpana ubavuni. Jike anakuja, anaingia, anakagua. Akikataa, kiota kinabaki na mlango wake mpana. Akikubali, mlango unafumwa tena mpaka unabaki tundu dogo lenye shingo fupi, la kupita ndege mmoja. Kwa hiyo ukipita kwenye matete unaweza kusoma: hiki kimekataliwa, hiki kimekubaliwa, humu kuna mayai.

Mwaka wangu wa kwanza nilikiona kimoja chenye mlango mdogo. Matete manne yalikuwa yamekaa mbele yake, yananiharibia picha. Sikuyakata. Niliyainamisha tu, nikayafunga kwa kamba ya kiatu ili yakae kando. Nikapata picha safi, mama akiwa mlangoni. Nikaenda kulala nikiwa na furaha. Nilikuwa nimesahau kuifungua kamba.

Jioni nilipokuwa nakwenda kazini nilipita pale. Kunguru alikuwa juu ya waya wa stima. Kiota kilikuwa kimepasuliwa juu, na nyuzi zile nyembamba zilikuwa zinaning'inia. Mama mnana alikuwa anaruka kutoka tete hadi tete. Usiku ule wote langoni nilikuwa namwona.

Kunguru yule alikuwa anaruka juu ya kinamasi kile kila siku na hakukiona kiota. Nilimfungulia dirisha mimi. Picha ile ninayo na leo siionyeshi, wala sitaionyesha mahali popote. Ndiyo maana ninapowaambia vijana msiguse hata tete moja mbele ya kiota, msidhani nasoma kanuni za mtu. Mkimwona ndege ameshika chakula mdomoni na haendi kwake, anaruka ruka na kulia, ni nyinyi mnaomzuia. Watoto wake wana njaa. Ondokeni, na mwondoke upesi.

Neno la pili la namna hiyo. Kuna mtindo wa kucheza sauti ya ndege kwenye simu ili dume atoke. Anatoka, ni kweli, kwa sababu anasikia mtu ameingia kwake kumnyang'anya nyumba. Anaacha kula, anaacha kumlinda jike, anakuja kupigana na simu. Utapata picha ya ndege mwenye hofu. Tafadhali, si kwenye kinamasi chetu.

Wageni nao. Kuanzia Oktoba hadi mwanzo wa Aprili matete yetu yanawapokea ndege wadogo kutoka Ulaya na Asia. Yupo mmoja wa kijani kilichofifia, ana uzito wa gramu 10 hivi, kama vijiko viwili vya sukari, na amevuka Sahara kuja hapa. Karibu muda wote anaokaa kwetu hutoa mlio mfupi tu. Lakini ikifika Machi, kabla ya kuondoka, anaanza kuimba wimbo wake wote, ule wa kwao, kana kwamba anaufanyia mazoezi. Mwezi ujao mtamsikia. Anayekuja Januari mara moja hawezi kujua kwamba ndege yule anaimba.

Nimesema mengi juu ya picha. Kuna jambo moja la daftari, na hapa naomba wazee mnisikilize.

Mji huu ulizaliwa kinamasini. Wamaasai walipaita Enkare Nairobi, maji ya baridi, na reli ilipofika mwaka 1899 kambi ilisimamishwa kando ya maji na mafunjo. Tumefukia sehemu kubwa ya maji hayo. Bwawa la Nairobi, hapo kati ya Kibera na Lang'ata, lilijengwa mwaka 1953 ili watu wapate maji ya kunywa, na baadaye watu walikuwa wanaendesha mashua za tanga pale. Leo mnajua lilivyo, gugumaji na takataka. Kenya ina maeneo 6 kwenye orodha ya kimataifa ya ardhi oevu, ile ya Mkataba wa Ramsar: Nakuru liliingia kwanza, mwaka 1990, na Delta ya Mto Tana ikaingia mwisho, 2012. La Nairobi halimo. Kinamasi chetu hakina bango, hakina ada, hakina askari isipokuwa mimi nikiwa nimetoka kazini.

Mwaka juzi katika mkutano mmoja, bwana mmoja alisimama akasema pale chini ni kiwanja kitupu, hakuna kitu, pajazwe udongo. Sina ugomvi naye. Alipita saa sita mchana na gari lake, dirisha limefungwa. Nilikuwa na daftari mbili mfukoni. Nilisoma tarehe, saa, ndege na tete: huyu aliimba hapa tarehe hii, huyu alilisha watoto hapa tarehe hii, na nikaziweka picha mezani. Chumba kilinyamaza. Mama mmoja akauliza kama angeweza kuwaleta wajukuu wake. Udongo haujaja mpaka leo.

Kwa hiyo kila picha iwe na tarehe na mahali. Na isikae kwenye simu yako peke yake. Ipo Kenya Bird Map, ambapo nchi imegawanywa kwa miraba ya takriban kilomita 9 kwa 9, na raia yeyote anaweza kuandika ndege aliowaona ndani ya mraba wake. Anayetaka kujifunza kuwatambua aende Jumba la Makumbusho ya Taifa Jumatano asubuhi. Matembezi yale ya ndege ya Nature Kenya, shirika la uhifadhi, yalianza mwaka 1971 na Bi. Fleur Ng'weno, na hata mimi nilianzia hapo, nikiwa bado na sare ya kazi. Hakuna aliyeniuliza soja anatafuta nini.

Mnakumbuka mafuriko ya Aprili na Mei 2024. Mnakumbuka Mathare. Kijito chetu nacho kilijaa usiku mmoja, nilikisikia nikiwa langoni, lakini maji yalipofika kwenye matete yalitawanyika, yakapunguza mwendo, yakalala pale siku kadhaa, kisha yakashuka taratibu. Nyumba za upande huu hazikuingia maji. Maji hayo hayo kutoka hapa hufuata Mto Ngong hadi Mto Nairobi, yakaingia Athi, yakawa Galana, na kumwagika baharini karibu na Malindi. Siku ya tatu baada ya mvua nilipeleka ndoo yangu. Tete lile lililopinda lilikuwa limelala chini ya tope. Shoro alikuwa amehamia waya wa uzio, hatua mbili kutoka pale, anaimba.

Picha zimekwisha. Kijana, zima projekta, na aliye karibu na mlango aurudishe kidogo ili kelele za barabarani zipungue. Nimeleta sauti niliyoirekodi Jumanne asubuhi nikiwa juu ya ndoo hii, dakika moja tu. Humu ukumbini haimsumbui ndege yeyote. Fumbeni macho. Hesabuni ni ndege wangapi wanaoimba, na mmoja wao ni yule wa gramu 10, ameanza mapema mwaka huu. Msiseme jibu hapa. Jumamosi ijayo saa kumi na mbili na robo nitakuwa ukingoni, mje mniambie huko. Atakayekuja alete kitu cha kukalia.